Kalibu ya Kusubia Chubwi

Neno letu "risasi" lina maana mbili: ni madini, tena ni kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Zamani wenye gumegume walisubu risasi zao kwa kalibu. Kwetu nyumbani, hapa Pemba, twaisubu kwa ajili ya chubwi za mishipi.

Kalibu yangu ya kwanza ilikuwa ya mti, nao ulikuwa mbichi. Nilipomimina, unyevu uligeuka mvuke papo hapo, risasi ikaniruka mkononi. Alama ninayo hata leo. Mchanga wa pwani nao ni vivyo hivyo usipokauka barabara. Risasi huyeyuka kwa joto la digrii 327 za sentigredi, na maji huchemka kwa 100 tu, basi tone moja latosha kuleta msiba.

Sasa nachagua kalibu ya chuma ya vipande viwili. Kabla ya kuinunua, ifumbe uielekeze juani: mwanga ukipenya katikati, risasi nayo itapenya, na chubwi itatoka na ukingo mkali ukatao mshipi. Tazama pia kama ina njia ya kupitishia msumari, ili chubwi itoke na tundu lake. Ya mviringo hubingirika chini mkondo ukiwa mkali. Bapa hutulia, nami napenda bapa.

Kalibu ipashwe moto kwanza. Kazi ifanywe nje, watoto wakiwa mbali, kwani risasi ni sumu iharibuyo akili zao. Wala sufuria ile isirudi jikoni.