MASHAPO YA BAHARI NA KUMBUKUMBU ZA ZAMA ZA BARAFU

Mashapo, kwa matumizi ya kawaida ya Kiswahili, ni masazo mazito yatuamayo chini ya chombo baada ya kioevu kutulia, kama vile mashapo ya kahawa au ya dawa ya mizizi. Wataalamu wa elimu ya bahari wamelichukua neno hilo hilo bila ya kulipotosha, kwani sakafu ya bahari kuu nayo ina masazo yake: vumbi lililopeperushwa na upepo, udongo mwembamba uliochukuliwa na mikondo, na zaidi ya yote makombe ya viumbe wadogo sana waliokufa na kuzama. Mbali na pwani tabaka hili huongezeka polepole mno, mara nyingi sentimita moja mpaka tatu katika kila miaka elfu. Kwa hiyo tope la kina cha mita kumi laweza kuwa na habari za miaka nusu milioni, nazo zimepangwa kwa taratibu, za kale chini na za karibuni juu.

Kulipata tope hilo bila ya kulivuruga ndiko kulikokuwa shida ya kwanza. Mabomba yaliyotumika kabla ya Vita Kuu ya Pili hayakuleta ila vipande vifupi. Katika safari ya meli ya Kiswidi iitwayo Albatross, iliyoizunguka dunia katika miaka ya 1947 na 1948, ndipo lilipotumika bomba la Börje Kullenberg, lenye pistoni ndani yake ya kulivuta tope huku bomba likizama, hata ikawezekana kutoa miche yenye urefu wa mita kumi na zaidi. (Neno mche hapa lina maana ile ile ya katika mche wa sabuni: kitu kirefu chenye umbo moja toka mwanzo hadi mwisho, kiwezacho kukatwa vipande. Neno kiini lingeweza kumjia mfasiri upesi, lakini kiini ni cha katikati, na mche wa mashapo thamani yake yote imo katika kuwa na juu na chini.)

Viumbe wenye makombe hayo wajulikana kwa jina la foraminifera. Wana seli moja tu, na wengi wao hawaizidi punje ya mchanga kwa ukubwa. Lakini kombe la kila mmoja limejengwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ina oksijeni iliyotoka katika maji alimoishi. Oksijeni hiyo si ya namna moja. Karibu atomu zote ni za uzito wa 16, na takriban moja katika kila 500 ni ya uzito wa 18; namna hizo huitwa isotopu. Katika mwaka wa 1947 Harold Urey wa Chuo Kikuu cha Chicago alionyesha kwamba kadiri maji yanavyopoa ndivyo kombe linavyochukua isotopu nzito zaidi, na kwa hiyo kombe la kale laweza kuwa kipimajoto. Cesare Emiliani, Mwitaliani aliyefanya kazi huko huko Chicago, aliipima miche kadhaa kwa njia hii, akatoa matokeo yake katika mwaka wa 1955. Vitabu vya wakati ule vilifundisha zama nne kubwa za barafu. Yeye aliona baridi na joto vikipokezana mara nyingi zaidi, akazipa awamu hizo nambari, witiri kwa zile za joto na shufwa kwa zile za baridi. Kwa hesabu yake, maji ya juu katika Bahari ya Karibi yalipoa kwa kadiri ya digrii 6.

Walakini hesabu hiyo ilikuwa na mwanya. Maji yenye oksijeni nyepesi hugeuka mvuke kwa urahisi kuliko yenye oksijeni nzito. Mvuke huo ukianguka theluji juu ya nchi kavu, na theluji ikakaa maelfu ya miaka bila ya kuyeyuka, oksijeni nyepesi huwa imefungiwa barafuni, na bahari hubaki na nzito zaidi. Basi kombe zito laweza kusema kwamba bahari ilikuwa baridi, na laweza kusema vile vile kwamba barafu ilikuwa nyingi. Mwanachuoni wa lugha hatashangaa: atakutana na neno "paa" peke yake asijue kama ni mnyama, ni la nyumba, au ni tendo la kwenda juu. Emiliani aliijua maana hii ya pili, ila aliihesabu kuwa ndogo.

Aliyeupima mwanya huo alikuwa Nicholas Shackleton wa Cambridge. Alizaliwa London mwaka wa 1937. Baba yake, Robert Shackleton, alikuwa mwanajiolojia aliyepata kuichunguza miamba ya Kenya katika miaka ya 1940. Yeye mwenyewe alisomea fizikia, na huko ndiko alikopata faida yake. Alikirekebisha chombo cha kupimia uzito wa atomu hata kikaweza kupima chokaa kidogo sana. Jambo hili laonekana kuwa la kifundi tu, lakini lilikuwa ndilo ufunguo wa hoja nzima, kwa sababu foraminifera waishio chini kabisa, sakafuni, ni wachache katika mche, na kwa vyombo vya zamani hawakutosha kupimwa.

Hoja yenyewe ni hii. Maji ya kilindini hata leo ni baridi, digrii chache tu juu ya sifuri, na hayangeweza kupoa sana zaidi ya hapo bila ya kuganda. Iwapo badiliko la makombe latokana na joto la maji, foraminifera wa juu wangelionyesha badiliko kubwa na wale wa sakafuni dogo. Shackleton alipowapima wote wawili aliona kwamba badiliko lao lakaribia kulingana. Katika makala yake ya mwaka wa 1967 alisema waziwazi kwamba sehemu kubwa ya kile kilichosomwa kama joto ilikuwa ni kiasi cha barafu iliyokuwa juu ya nchi kavu.

Yaweza kudhaniwa kwamba elimu ilipoteza kipimajoto. Ukweli ni kwamba ilipata kitu cha thamani kuliko hicho. Joto la maji ya juu hutofautiana mahali na mahali. Bali maji ya bahari zote huchanganyika katika muda wa miaka elfu moja hivi, kwa hiyo alama ya barafu huandikwa kila mahali karibu kwa wakati mmoja. Mche wa Pasifiki waweza kulinganishwa na mche wa Atlantiki, awamu kwa awamu. Na kwa kuwa barafu ni maji yaliyoondolewa baharini, alama hiyo yaeleza pia kimo cha bahari. Yapata miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipofika upeo wake, bahari ilikuwa chini ya usawa wa leo kwa kadiri ya mita 120. Mlango wa bahari ulio kati ya Unguja na Mrima haufikii kina hicho. Unguja basi ilikuwa sehemu ya bara, hali Pemba, iliyotengwa na kilindi cha mamia ya mita, ilikuwa kisiwa kama ilivyo sasa.

Ilibaki kujua tarehe. Katika mwaka wa 1973 Shackleton na Neil Opdyke walieleza mche uitwao V28-238, uliotolewa magharibi ya Pasifiki karibu na Ikweta. Ndani yake walihesabu awamu 22, na zaidi ya hayo wakakuta alama ya wakati ule ncha za sumaku za dunia zilipogeuka, kaskazini ikawa kusini. Tukio hilo lajulikana pia katika miamba ya volkano, ambayo umri wake hupimika; hivyo mche ulipata nanga.

Miaka mitatu baadaye, James Hays, John Imbrie na Shackleton walichukua miche miwili ya kusini ya Bahari ya Hindi, iliyogusa miaka 450,000, wakautafuta mwendo wake. Waliona mizunguko ya karibu miaka 100,000, 42,000 na 23,000. Hesabu hizi hazikuwa ngeni. Njia ya dunia kulizunguka jua mara hukaribia duara, mara hurefuka kidogo. Mhimili wa dunia huinama zaidi au kidogo. Na mhimili huo huyumba kama pia ichezewayo na watoto. Msabia Milutin Milankovitch, aliyefariki mwaka wa 1958, alikuwa amedai kwamba mambo hayo ndiyo yaletayo na kuondoa barafu, na wengi walikuwa hawamwamini. Mashapo yalimpa haki. Hata hivyo mzunguko wa miaka 100,000, ulio na nguvu kuliko yote katika miche, ndio ambao badiliko lake la mwanga wa jua ni dogo kuliko yote, na fumbo hilo halijafumbuliwa kwa namna iliyokubaliwa na wote.

Imani katika saa hii ya mbinguni ilifika mbali. Katika mwaka wa 1990 Shackleton, André Berger na W. Richard Peltier walisema kwamba kule kugeuka kwa sumaku, ambako wapimaji wa miamba walikupa miaka 730,000, kulikuwa kwa kweli ni kwa miaka 780,000 hivi. Ni ujasiri kusahihisha miamba kwa tope. Miamba ilipopimwa upya kwa njia bora zaidi, ilikubaliana na tope.

Kilichobaki kusahihishwa ni hoja yake mwenyewe. Mwaka wa 1986, pamoja na John Chappell, aliilinganisha miche na matuta ya matumbawe ya New Guinea, yaonyeshayo kimo cha bahari ya kale, na hesabu hazikulingana: maji ya kilindini yalikuwa yamepoa kuliko alivyodhani. Mwaka wa 2000, akitumia pia hewa iliyonaswa katika barafu ya Vostok huko Antaktika, aliandika kwamba sehemu kubwa ya alama ya miaka 100,000 ni joto la kilindini, na kwamba barafu yenyewe huja nyuma ya joto hilo na nyuma ya gesi ya kaboni katika hewa. Alifariki mwaka wa 2006. Leo wapimaji hutafuta katika makombe yale yale kiasi cha magnesi, ambacho hufuata joto, kisha hukitoa katika hesabu ya oksijeni, ili kibakicho kihesabiwe kuwa ni cha barafu.