Flashi tatu kwa bi harusi mmoja

Harusi ya tatu niliyopiga picha nilikuwa na flashi moja tu, nimeichomeka juu ya kamera. Ilikuwa siku ya kupamba, ukumbi mzima ni wanawake, nami niliitwa kwa kuwa ni mwanamke mwenzao. Picha zilipotoka, paji la uso la bi harusi linang'aa kama lililopakwa mafuta, dhahabu ya shingoni imekuwa doa jeupe, na nywele zimepotelea kwenye giza la nyuma. Mamake alizitazama kwa muda, kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, huyu simjui." Sikuwa na la kujibu. Harusi hairudiwi.

Siku hizi nabeba flashi tatu na stendi zake, na vijana wanaoanza kazi hii huniuliza zote za nini. Leo nawajibu.

Flashi iliyo juu ya kamera hupiga uso kutoka pale pale lenzi inapotazamia. Vivuli hujificha nyuma ya mtu, na uso usio na kivuli huwa bapa kama sahani. Isitoshe, ngozi nyeusi na ya maji ya kunde huonyesha umbo lake kwa mng'ao. Mwanga mdogo na mkali huacha doa; mwanga mpana hutambaa juu ya shavu na kidevu taratibu. Kwa hivyo twataka mwanga utoke ubavuni, na uwe mpana.

Flashi ya kwanza ndiyo kubwa yao. Naiweka upande mmoja wa bi harusi, juu kidogo ya macho yake, ipite kwenye mwavuli mweupe ulio karibu mita moja na nusu kutoka kwake. Umbali huu usiuchezee: ukiusogeza mwavuli hadi mita tatu, mwanga unaomfikia hubaki robo tu, na huo uliobaki huwa mkali zaidi.

Ya pili ni ya kulainisha vivuli. Naielekeza kwenye ukuta mweupe wa upande wa pili ili mwanga urudi ukiwa umetawanyika. Nguvu yake iwe ndogo. Ikilingana na ya kwanza, umerudi kwenye sahani.

Ya tatu hukaa nyuma ya bi harusi, pembeni, isionekane kwenye picha. Kazi yake ni kuchora mstari mwembamba wa mwanga kwenye nywele na bega. Mstari huo ndio unaotenga nywele nyeusi na pazia jeusi, au buibui na ukuta wenye kiza.

Zote tatu huwaka pamoja bila waya. Juu ya kamera naweka kifaa kidogo kinachotuma ishara ya redio, na kila flashi huipokea. Hakikisha zote ziko chaneli moja, kisha zigawe makundi: A, B na C. Hapo utapunguza au kuongeza nguvu ya kila moja ukiwa umesimama na kamera yako. Epuka ule mfumo wa flashi kuwaka kila ionapo flashi nyingine; akiwapo mpiga picha wa pili ukumbini, zako zitamfuata yeye.

Kianzio changu ni ISO 400, tundu la lenzi f/5.6, kasi ya shata 1/160. Kamera nyingi hazivuki 1/200 au 1/250 kwa flashi ya kawaida. Ukizidisha, ukanda mweusi hukata picha. Shata ndiyo inayotawala taa za ukumbi: ipunguze hadi 1/60 na taa zile zitaonekana zaidi, huku mwanga wa flashi usoni ukibaki vile vile.

Siri ni kutowasha zote kwa pamoja. Zima mbili, piga kwa ile kubwa peke yake hadi uso ukae sawa. Ongeza ya pili, tazama vivuli. Ndipo ya tatu. Kukiwa na kosa, utajua ni la nani.

Na ukipiga nje, karibu na bahari, funga mfuko wa mchanga kwenye kila stendi. Mwavuli ni tanga. Upepo wa pwani hauombi ruhusa.

Haya sikujifunza ukumbini. Nilimkalisha mdogo wangu kwenye kigoda, nyuma yake nimetundika shuka nyeusi, jioni baada ya jioni mpaka akachoka nami. Nawe tafuta wako. Bi harusi hukaa mbele yako siku moja tu, na mamake atazitazama picha zile maisha yake yote.