Mtoto Akikataa Ziwa Baada ya Kuharisha

Mtoto aliyeharisha siku kadhaa akianza kupata nafuu, nyumba nzima hufurahi. Lakini mara nyingine shida mpya huanzia hapo. Kuharisha kumekoma, homa imeshuka, lakini mtoto akipewa ziwa anageuza uso na kulia. Jioni jirani anakuja na lake, bibi naye ana lake, na baada ya siku mbili mtoto ameachishwa kunyonya kabla ya wakati wake. Jambo hili nimeliona katika zahanati yetu zaidi ya mara moja, na mara ya kwanza nilikosea mimi mwenyewe.

Nilikuwa nimetoka chuoni miezi miwili tu. Akaja mama mmoja na mtoto wa miezi saba, amefuatana na mama mkwe wake. Mtoto alikuwa ameharisha siku nne, sasa ameacha, lakini hanyonyi. Nilitazama macho yake, nikaivuta ngozi ya tumbo na kuiachia, nikaona hana upungufu mkubwa wa maji. Watu waliosubiri nje walikuwa wengi. Nikampa pakiti mbili za ORS, nikamwambia, "Mama, akishikwa na njaa atanyonya." Wakaenda.

Walirudi baada ya siku tatu. Mtoto alikuwa amepungua nusu kilo tangu kliniki ya mwezi uliopita. Safari hii nilifanya lile nililopaswa kulifanya siku ya kwanza: nilimwomba mama akae kwenye benchi ampe mtoto ziwa mbele yangu. Ziwa lilikuwa limejaa, gumu, linamuuma, na chuchu imelala. Mtoto alifungua mdomo, akashindwa kushika, akalia kwa hasira. Ndipo nilipouliza, nikaambiwa kwamba siku zote nne za kuharisha hakupewa ziwa kabisa. Alipewa uji mwepesi na maziwa ya ng'ombe kwa chupa. Bibi alisema maziwa ya mama yamechacha kifuani. Nilipoanza kumweleza, akaniuliza, "Mjukuu wangu, wewe umelea wangapi?" Sikuwa na jibu, maana hata kuoa sijaoa.

Tusimlaumu bibi. Zamani hata waganga wa hospitali waliwaambia akina mama wamnyime mtoto maziwa ili "kulipumzisha tumbo". Mawazo hayo yalibadilika baadaye. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi waliotoka Bangladesh kuingia India, Daktari Dilip Mahalanabis aliokoa watu wengi kwa kuwanywesha maji yenye chumvi na sukari. Mwaka 1978 Shirika la Afya Duniani likaanzisha mpango wa kupambana na kuharisha. Tangu hapo fundisho ni moja: mtoto anayeharisha aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Maziwa hayachachi kifuani. Tumbo lililochubuliwa na ugonjwa hupona kwa chakula, na kwa mtoto mchanga hakuna chakula kilicho laini kuliko maziwa ya mama yake.

Sasa, mama, tazama vizuri: mtoto wako anakataa, au anashindwa? Haya ni mambo mawili.

Anayeshindwa ni yule aliyelegea, anayelala tu na ni vigumu kumwamsha, ambaye ukimtia chuchu mdomoni havuti wala hamezi. Au anatapika kila anachomeza, ana degedege, macho yameingia ndani, utosi umebonyea, au ngozi ya tumbo ukiivuta inarudi polepole. Huyu usimngojee mpaka kesho. Mpeleke zahanati saa hiyo hiyo hata kama ni usiku, na njiani umpe maji ya ORS kidogo kidogo kwa kijiko kama anaweza kumeza. Damu katika choo nayo ni sababu ya kwenda upesi. Tena mtoto ambaye hajatimiza miezi miwili akiacha kunyonya, usipime wala usijadili. Nenda.

Anayekataa ana nguvu za kulia na kusukuma. Yeye ana sababu yake, itafute. Mfungue mdomo: huenda kuna vidonda, au utando mweupe usiotoka ukiupangusa, na dawa yake ipo. Sikiliza pua: ikiziba hawezi kunyonya na kupumua kwa pamoja. Jitazame na wewe. Ziwa likiwa gumu, kamua kidogo kwanza mpaka lilainike, kisha mpe. Kama amezoea chupa, maziwa yake hutoka bila taabu, kwa hiyo ziwa analiona kazi. Chupa iwekwe kando. Ni vigumu kuisafisha, na huenda ndiyo iliyoleta ugonjwa.

Usipomnyonyesha, maziwa hupungua. Basi osha mikono kwa sabuni, kamua kila baada ya saa mbili au tatu, na usiku pia, umnyweshe kwa kikombe kidogo kilicho safi. Mpe ziwa anaposinzia, chumba kikiwa kimya, ngozi yake ikigusa ngozi yako. Usimlazimishe kwa kumkandamiza kichwa, atalichukia ziwa zaidi. Aliyetimiza miezi sita apewe pia uji mzito wenye karanga au mafuta kidogo, na kwa wiki mbili baada ya ugonjwa aongezewe mlo mmoja kila siku. Kama ulipewa vidonge vya zinki, umalizie siku zote ulizoambiwa, hata kama kuharisha kumekoma.

Kuna maneno mengine mtaambiwa. Wapo watakaosema mtoto amebemendwa, kwamba baba na mama hawakusubiri. Neno hili limewafanya akina mama wengi wawafiche watoto ndani kwa aibu mpaka wakazidiwa. Mtoto huharisha kwa sababu ya uchafu alioumeza, si kwa sababu ya wazazi wake kulala pamoja. Wengine watataka kumkata kimeo, au kumng'oa "meno ya plastiki". Hayo wanayoyaita meno ya plastiki ni meno yake mwenyewe ambayo bado yako ndani ya ufizi. Mtoto aliyekwisha dhoofu akikatwa hutoka damu, kidonda huingia vijidudu, na wengine hufa. Akina baba, hapa mna kazi: ninyi ndio mnaotoa fedha za kumlipa huyo mkataji.

Yule mtoto wa miezi saba ilimchukua siku tisa. Mama alikamua, na bibi ndiye aliyeshika kikombe, maana mtoto alimzoea. Usiku wa tisa, akiwa nusu usingizini, alilishika ziwa mwenyewe. Asubuhi walikuja kumpima, nikaona uzito umeanza kupanda. Bibi alinitazama nikiandika katika kadi, akaniuliza nitaoa lini.