Manowari ya Bomba Tatu na Waliobeba Mizinga Yake

Karatu hakuna bahari. Anayesimama ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, huona ukungu na nyati, na habari za manowari huzisikia redioni tu. Hata hivyo iko manowari moja ambayo mizinga yake ilinguruma huku bara kwetu. Msafiri akiteremka Mto wa Mbu, akafika Makuyuni, kisha akashika njia ya Babati, hatimaye ataingia Kondoa. Huko ndiko mizinga hiyo ilikosikika mwezi Mei 1916.

Manowari yenyewe ni Königsberg ya Wajerumani. Ilishushwa majini mjini Kiel mwaka 1905 na kuanza utumishi mwaka 1907, ikiwa na mizinga 10 ya milimita 105. Juni 1914 ilitia nanga Dar es Salaam chini ya nahodha Max Looff. Watu wa pwani walipozihesabu dohani zake wakaipa jina lao wenyewe: manowari ya bomba tatu.

Udhaifu wa meli hiyo ulikuwa tumboni. Nyambizi za leo zinazoendeshwa kwa nguvu za nyuklia hukaa miaka bila kuongezwa nishati. Ya kwanza kati ya hizo, Nautilus ya Marekani, ilipita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini tarehe 3 Agosti 1958. Kinachoirudisha nyambizi ya namna hiyo bandarini ni chakula cha mabaharia kuliko kiu ya mitambo. Königsberg ilikuwa mtumwa wa makaa ya mawe. Vita vilipoanza iliiteka meli ya Uingereza, City of Winchester, kusini mwa Arabuni, ikachukua makaa yake, nayo hayakuwa mazuri. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, iliivamia manowari ya Uingereza, Pegasus, iliyokuwa ikitengenezwa mitambo bandarini Zanzibar, ikaiangamiza. Ushindi huo haukuipa makaa wala haukuiponya mitambo yake yenyewe. Ikajificha katika mikoko ya delta ya Rufiji.

Hapo ndipo wanapoingia watu ambao historia ya meli hii huwapita upesi mno. Vipuri vya matanuri yake vilivyoharibika vilipaswa kufika karakana za Dar es Salaam kwa nchi kavu. Wapagazi wa Kiafrika walivikokota kwa kamba hadi mjini, kisha wakavirudisha Rufiji. Meli ikapona, lakini Waingereza walikuwa wameshaziba njia za kutokea baharini. Tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na meli mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, huku ndege zikielekeza shabaha kutoka juu, Looff aliamuru meli yake izamishwe.

Utumishi wa meli ungeishia hapo. Lakini mizinga yote 10 iliopolewa, ikatengenezewa magari ya kukokotwa, ikasambazwa nchini. Mmoja ulifungwa kwenye meli Götzen katika Ziwa Tanganyika, ile ile tunayoiita leo MV Liemba. Mwingine uliachwa umeharibiwa Kahe, karibu na Moshi, Machi 1916. Wakati huo vita vilikuwa vimekwisha kuugusa ukanda wetu: hata ndugu wawili wa Kijerumani, Adolf na Friedrich Siedentopf, waliokuwa wakilima ndani ya kreta yenyewe, vilikatiza maisha yao hapo. Jenerali Van Deventer aliteremka kutoka Arusha kupitia Lolkisale, akaingia Kondoa mwezi Aprili, katikati ya masika makali. Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck wakamfuata, na mizinga ya Königsberg ikaupiga mji.

Tujiulize: mzinga wa meli, chuma cha tani na zaidi, ulifikaje Kondoa wakati wa masika? Reli ya kati iliufikisha sehemu ya safari. Baada ya hapo yalibaki matope, kamba na mabega ya watu. Majina ya maofisa waliouelekeza mzinga yamo vitabuni. Ya waliouvuta hayamo.

Na pande zote mbili ziliwatumia. Idadi inayotajwa mara nyingi ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake ni zaidi ya 90,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la kikosi chao. Miongoni mwao walikuwamo Waislamu wengi, na sala ya maiti ni faradhi ya kifaya juu ya jamii nzima. Nani aliwasalia waliozikwa kando ya njia? Familia zetu za Karatu na Mto wa Mbu zenye asili ya Kondoa zina wazee ambao babu zao waliishi siku zile. Jina likipatikana, na liandikwe, na dua isomwe.

Mzinga mmoja wa Königsberg unaonekana Ngome ya Yesu, Mombasa. Mwingine uko Pretoria. Wapagazi wametajwa kwa pamoja, bila jina hata moja, kwenye Mnara wa Askari jijini Dar es Salaam uliosimamishwa mwaka 1927. Maandishi yake ya Kiswahili yamechongwa pia kwa herufi za Kiarabu, na mtoto wa madrasa aliyehitimu juzuu zake anaweza kusimama pale akawasomea wazazi wake.