Uzamili wa elimu ya sanaa
Uzamili wa elimu ya sanaa ni masomo ya chuo kikuu baada ya shahada ya kwanza kwa walimu wa uchoraji, uchongaji na sanaa nyingine. Uzamili wa sanaa zenyewe humkuza msanii. Huu huchunguza pia jinsi watu wanavyojifunza sanaa.

Nchini Marekani, Viktor Lowenfeld, mkimbizi kutoka Austria, alifundisha Hampton, Virginia, akahamia Pennsylvania State mwaka 1946. Mwanafunzi wake John Biggers alimfuata, akapata uzamili mwaka 1948 na uzamivu mwaka 1954. Mwaka 1949 Biggers alianzisha idara ya sanaa mjini Houston, katika chuo ambacho leo ni Texas Southern University. Wakati huo sheria za Texas ziliwatenga wanafunzi weusi na weupe. Idara hiyo iliwafungulia vijana weusi njia ya kuwa wasanii na walimu.