Tuta, Kitalu na Mizizi ya Mti Jirani

Maneno ya bustani huonekana mepesi mpaka mtu atakiwe kuyaandika katika kijitabu cha maelekezo. Tuchukue mfano wa Kisaki, kusini mwa milima ya Uluguru, karibu na mto Mgeta. Mkulima ameinua udongo, akapanda mchicha na nyanya jirani na mwembe ulio ukingoni mwa mto. Baada ya misimu michache udongo umejaa mizizi ya mwembe, na mboga zadumaa hata zikimwagiliwa. Mfasiri ataliandikaje jambo hili?

1. Tuta. Hili ndilo jina la udongo ulioinuliwa ili upandwe. "Kitanda cha mboga" ni tafsiri ya neno kwa neno, wala haifai. Kitalu nacho ni mahali pa kukuzia miche kabla ya kuihamisha. Hata hivyo, katika Uluguru neno tuta lina historia yake: mwaka 1955 wananchi waliupinga mpango wa serikali ya kikoloni uliowalazimisha kuchimba matuta ya ngazi milimani. Basi heri kutenganisha tuta la mboga na tuta la ngazi.

2. Mizizi. Mzizi mkuu hushuka chini. Mizizi ya pembeni hutambaa. Mingi ya ile ifyonzayo maji imo katika sentimita 60 za juu, na huweza kuvuka mbali kivuli cha mti. Hustawi zaidi penye unyevu na rutuba. Ndiyo sababu hupanda hata ndani ya tuta.

3. Vamizi. Hapa ndipo penye hatari. Neno hili limezoeleka kwa mimea ya kigeni ienezayo na kuiangamiza mingine, kama magugumaji ya Ziwa Viktoria, ambayo hatuna budi kuyang'oa. Mkulima akisoma kwamba mwembe wake una "mizizi vamizi", atashika shoka. Atapoteza matunda na kivuli, na ukingo wa mto utapoteza kinachoushikilia. Twapendekeza "mizizi ya mti jirani". Si lazima istilahi iwe neno moja. Lililo lazima ni kwamba isipotoshe.

4. Kupunguza mizizi. Kung'oa ni kuutoa mti wote. Kupogoa ni kukata matawi. Kwa mizizi tuseme kupunguza. Mtaro huchimbwa baina ya mti na tuta, mbali na shina, kina chake sentimita 60 hivi. Mizizi myembamba hukatwa. Ile minene iushikiliayo mti huachwa. Bati likisimamishwa mtaroni kabla ya kufukia, mizizi huchelewa kurudi. Nafasi ikiwapo, ni bora zaidi kulihamisha tuta.

Twawaomba wasomaji walio karibu na wasemaji wa Kikutu na Kiluguru watuletee maneno yao ya bustani, pamoja na maana zake, ili yapimwe.