Lini Mkaazi wa Kudumu Aombe Uraia wa Marekani

Mkaazi wa kudumu nchini Marekani halazimiki kuomba uraia. Kadi yake humruhusu kuishi na kufanya kazi, na muda wake wa miaka 10 ukimalizika anaweza kuomba nyingine. Kwa sababu hiyo wanaotufikia mara nyingi hawaulizi kama wanaruhusiwa kuomba. Wanauliza waombe sasa au wasubiri.

Kwa kawaida sheria hudai miaka 5 ya ukaazi wa kudumu, au miaka 3 kwa aliye katika ndoa na raia na anayeishi naye. Fomu N-400 inaweza kutumwa siku 90 kabla ya muda huo kutimia, wala si mapema zaidi. Hesabu kwa kalenda, kuanzia tarehe ya ukaazi iliyoandikwa kwenye kadi. Aliyeingia kama mkimbizi aitazame tarehe hiyo kwa makini: kwake ni siku aliyowasili nchini, si siku aliyopokea kadi. Ndugu zetu wengi kutoka Kongo husubiri mwaka mzima au zaidi bila sababu kwa kutolijua jambo hili.

Safari nazo huhesabiwa. Katika miaka hiyo 5 uwe umekuwapo nchini kwa jumla ya miezi 30. Anayekaa nje zaidi ya miezi 6 mfululizo huhesabiwa kuwa amekatiza ukaazi wake mpaka athibitishe vinginevyo, kwa mkataba wa nyumba, hati za mshahara au za kodi. Akikaa mwaka mmoja au zaidi, ukaazi kwa kawaida huwa umekatika.

Mzazi mwenye mtoto anayekaribia miaka 18 ndiye tunayemhimiza asichelewe. Mtoto aliye mkaazi wa kudumu, anayeishi nchini chini ya malezi ya kisheria ya mzazi huyo, huwa raia papo hapo mzazi anapokula kiapo, bila kujaza N-400 wala kufanya mtihani. Lakini kiapo kikiliwa baada ya mtoto kutimiza miaka 18, nafasi hiyo imepita, na kijana atajiombea na kujilipia mwenyewe. Kinachotazamwa ni siku ya kiapo, si siku ya kutuma fomu, na kati ya siku hizo mbili huweza kupita miezi mingi. Mwenye mtoto wa miaka 16 ana nafasi. Wa miaka 17 na nusu yuko hatarini kuikosa.

Wapo, hata hivyo, wenye sababu ya kutulia kwanza. Kenya iliruhusu uraia pacha kwa Katiba ya 2010, ilhali Tanzania na Kongo haziuruhusu kwa mtu mzima. Mtanzania anayekula kiapo hupoteza uraia wake, na asiye raia hamiliki ardhi Tanzania kama raia anavyoimiliki. Mwenye kiwanja au urithi Tanga au Moshi aonane na wakili wa huko kabla ya kiapo, kwa kuwa baada yake mengi huwa magumu kurekebisha.

Aliyewahi kukamatwa, kupiga kura au kujitambulisha kama raia asitume chochote kabla ya kumwona wakili wa uhamiaji. Maombi hufungua jalada lote, na wapo ambao yamewafikisha kwenye hatari ya kuondolewa nchini.

Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2024, ada ni dola 760 kwa fomu ya karatasi na dola 710 kwa njia ya mtandao. Mwenye kipato kidogo anaweza kuomba kulipa dola 380 au kusamehewa kabisa. Fomu yenyewe hutolewa bure. Anayekuuzia fomu, au anayeahidi kuharakisha kiapo kwa kuwa “anawajua watu”, anakudanganya. Ushauri wa sheria hutolewa na wakili, au na mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani. Mwombe akuonyeshe kibali chake, kisha udai stakabadhi na nakala ya kila ukurasa anaoutuma kwa jina lako.